Anayesuka Mkeka Haambiwi Hajui Hesabu



Leo hatuna mapishi wala mitindo ya mitandio. Leo tuna ugomvi. Tunagombana na msemo mmoja uliokaa majumbani mwetu kama mgeni asiyejua siku ya kuondoka: "Huyu mtoto hesabu haziwezi, mpelekeni akajifunze kushona." Visiwani tumekua nao. Huku Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, chini ya Mlima Meru, tumeukuta vilevile, ila wenyeji wanausema kwa namna yao: "Muacheni akatunge shanga na mama yake."

Wanaousema wanadhani wanamhurumia mtoto. Sisi tunasema wanamdhulumu mara mbili. Kwanza wanamfungia mlango wa hesabu. Pili wanaitukana kazi ya mikono, kwa kuifanya kuwa kapu la kutupia walioshindwa. Na dhuluma zote mbili zinatoka kwenye uongo mmoja, kwamba hesabu na sanaa ni vitu viwili visivyojuana, kimoja cha wenye akili na kingine cha wenye subira. Uongo huo tunataka kuuvunja leo, tena kwa ushahidi ulio ndani ya nyumba zetu.

Tuanze na shanga za Ngaramtoni

Mtazameni mama wa Kiarusha au wa Kimaasai anapotunga ule mkufu mpana wa shingoni, ule unaokaa kama sahani na kuchezacheza mtu anaporuka. Amekaa chini, ana waya mwembamba, vipande vya ngozi au plastiki vya kutenganishia, na vibakuli vya shanga kwa rangi zake. Hana rula. Hana kalamu. Mpita njia anaona rangi tu, anasema "pendeza sana yeyo", anapiga picha, anakwenda zake.

Sasa sisi tuhesabu naye. Mkufu ule ni miduara ndani ya miduara. Tuseme duara la ndani kabisa limechukua shanga 180. La pili linataka ngapi? Likichukua 180 vilevile, halitatosha kuzunguka. Likichukua 200, litakunjamana kama ukingo wa gauni la rinda. Jibu ni 186 hivi, halafu 192, halafu 198. Kila duara linaongeza shanga kama 6, na sababu yake ni ile pai waliyokukaririsha shuleni. Nusu kipenyo kikiongezeka kwa upana wa shanga moja, mzingo unaongezeka kwa pai mara mbili, yaani 6 na kidogo. Ukubwa wa mkufu haujalishi. Kwa shingo ya mtoto au ya bi harusi, nyongeza ni ileile.

Mama huyu hajaandika pai popote. Lakini mkufu wake umelala sawasawa, na usingelala sawasawa kama mkono wake haujui kile ambacho mwalimu anakiandika ubaoni.

Hatujamaliza. Tuseme anataka kuugawa mkufu vipande vya rangi, mweupe, mwekundu, buluu, kama vipande vya keki. Akigawa sehemu 6, duara la kwanza kila sehemu ina shanga 30, la pili 31, la tatu 32. Kila sehemu inaongeza moja tu, na mistari ya rangi inafunguka vizuri kuelekea nje. Akigawa sehemu 12, mambo yanabadilika: 180 inagawanyika kwa 15, lakini 186 haigawanyiki. Hapo lazima afidie, shanga moja huku, nyingine duara linalofuata. Akifikisha miduara 20, duara la mwisho lina shanga 294, na mkufu mzima una shanga 4,740. Mtoto wa sekondari akipewa swali hili kwenye karatasi, namba inayoanzia 180 na kuongezeka 6 kila hatua, jumla ya hatua 20 ni ngapi, anatoka jasho. Amelala nyumba moja na mtu anayelifanya swali hilo kila wiki, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Na kwa sisi wa visiwani, shanga hizi si za jirani tu. Karne ya 19 shanga za kioo kutoka Ulaya zilishushwa Unguja, zikavushwa Pangani na Bagamoyo, zikapanda bara na misafara kama mali ya kubadilishana. Kabla hazijafika kwenye shingo za huku zilipita kwenye mikono ya watu wetu. Basi tusijitie ugeni.

Halafu turudi nyumbani

Nani kati yetu hajakaa na bibi akisuka ukili? Miyaa imechambuliwa, imetiwa rangi, imekaushwa. Bibi anaanza kwa idadi anayoijua yeye, na ukimuuliza kwa nini idadi hiyo, atakwambia "ndiyo inayokubali". Neno hilo "inayokubali" limebeba somo zima. Mwaa mmoja unakwenda mshazari mpaka ukingoni, unakunjwa, unarudi. Mwaa wa rangi ukikutana na mwenzake unatoa ua. Ukipunguza mmoja, ua linakwenda pembeni, na mkeka mzima unapinda kama maneno ya mtu muongo. Na mapambo mawili ya urefu tofauti yakitakiwa yakutane pamoja, moja la hatua 4 na jingine la hatua 6, yatakutana kwenye ya 12, si kabla. Shule ya msingi hilo linaitwa kigawe kidogo cha shirika. Watoto wanalichukia. Bibi analisuka huku anasikiliza redio.

Chukueni kofia ya mkono, ile mnayowashonea waume na watoto kwa ajili ya Idi. Kichwa kina mzingo wa sentimita 57. Ua lako lina upana wa sentimita 4. Utashona maua 14 na robo, na ile robo itakuaibisha msikitini mbele ya watu. Ukilifanya ua liwe sentimita 3, unapata 19 kamili, mwisho unabusu mwanzo na hakuna anayejua ulianzia wapi. Na kipande cha juu ukikate kwa kipenyo gani? Cha sentimita 18 na kidogo, kwa sababu 57 gawa kwa pai ndiyo hiyo. Mshonaji mzuri anakata kwa jicho na inaingia. Jicho hilo limesoma, ingawa halina cheti.

Na kanga je? Mji katikati, pindo pande zote nne, jina chini. Tuseme kanga ina urefu wa sentimita 150 na upana wa 110. Pambo la pindo lizunguke lote bila kukatika kwenye pembe. Unahitaji kipimo kinachoingia kwenye 150 na kwenye 110 pia. Kikubwa kuliko vyote ni 10: mara 15 kwa urefu, mara 11 kwa upana. Mchoraji asiyejua hilo utamjua pale kwenye kona, ambapo korosho imekatwa kichwa.

Wanahisabati wamekaa na mapambo kama haya wakayapa uzito. Wamethibitisha kwamba pambo linalojirudia kwa mstari mmoja, kama pindo, lina namna 7 tu za ulinganifu, na linalotandaa pande zote, kama mji wa kanga, lina namna 17. Hakuna ya 18. Mrusi Fedorov alilithibitisha mwaka 1891, na Pólya akalifikia tena kwa njia yake mwaka 1924. Lakini miguu ya watu ilikuwa inakanyaga mikeka na vigae vyenye mapambo hayo karne nyingi kabla ya Fedorov kuzaliwa.

Wanaotujibu kwamba tunatia chumvi

Tunajua mtakachotujibu, kwa sababu tumeshajibiwa. Kuna waliotuambia: "Nyinyi mnapamba. Kusuka ni mazoea. Hesabu ni kuthibitisha. Ndege naye anajenga kiota, mtasema ni mhandisi?"

Hoja hii hatutaikimbia, maana nusu yake ni kweli. Tusikilizane na mtu aliyeiweka sawa zaidi ya miaka elfu iliyopita, tena Muislamu mwenzetu. Abu al-Wafa al-Buzjani alizaliwa mwaka 940 katika Khorasani, akafanya kazi Baghdad. Aliandika kitabu kizima cha jiometri kwa ajili ya mafundi, wale wa vigae na mbao. Ndani yake anasimulia kikao walichokaa mafundi na wanajiometri pamoja, wakauliza: ukiwa na miraba mitatu iliyo sawa, utaikata vipi uipange iwe mraba mmoja mkubwa?

Jaribuni nyumbani kwa vitambaa. Miraba 4 ni rahisi, wawili juu wawili chini. Miraba 2 pia: kata kila mmoja kwa ulalo, upate pembetatu 4, kutanisha pembe zake zilizonyooka katikati, mraba umepatikana. Mitatu ndiyo kazi, kwa sababu upande wa mraba mpya ni kipeuo cha pili cha 3, na namba hiyo haina mwisho mzuri.

Wanajiometri wakaipata ile pande kwenye karatasi, lakini hawakumpa fundi njia ya kukata. Mafundi walikuwa na njia zao za kukata, zinapendeza machoni, lakini Abu al-Wafa akazipima akaonyesha kwamba baadhi yake si sahihi. Zinakosea kidogo sana, kiasi cha jicho kudanganyika. Kisha akatoa njia yake, inayokatika kwa mkono na kuthibitika kwa akili.

Angalieni alivyofanya. Hakuwaambia mafundi "nyinyi hamjui kitu, rudini kazini". Wala hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba kazi zenu nzuri hivyohivyo zilivyo. Alikaa nao kikao kimoja. Aliyachukua maswali yao kama maswali ya kweli, na makosa yao akayasahihisha kama unavyomsahihisha mtu unayemheshimu.

Basi jibu letu ni hilo. Hatusemi bibi aliyesuka mkeka ni profesa. Tunasema bibi ana swali na ana nusu ya jibu, na nusu ya pili mjukuu wake anafundishwa shuleni bila kuambiwa kwamba ni ya bibi yake. Nani aliyewatenganisha? Nani anayefaidika wakibaki wametengana?

Wapo waliokwishafanya kazi ya kuwakutanisha. Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyeifanya Msumbiji kuwa nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 2014, alitumia maisha yake kusoma hesabu za wasusi. Alisoma vikapu vya Inhambane viitwavyo sipatsi, akaonyesha jinsi pambo linavyotawaliwa na idadi ya nyuzi: hatua ya pambo lazima iigawe idadi yote ya nyuzi bila baki, la sivyo mwanzo na mwisho havikutani. Mwaka 1998 kikatoka kitabu chake juu ya wanawake, sanaa na jiometri kusini mwa Afrika. Msumbiji si mbali. Ni pwani hiihii yetu, ukishuka kusini.

Mtoto wa Tehran aliyechora sakafuni

Na kwa mama anayedhani kwamba mtoto wake wa kike akikaa anachora maua kwenye daftari la hesabu basi hesabu zimemshinda, tunamletea mfano mmoja tu.

Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran, Iran, mwaka 1977. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata nishani ya Fields, heshima ambayo wanahisabati wanaiweka juu ya zote. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani, Mungu amrehemu, akiwa na miaka 40. Alikuwa akifanya kazi kwa kutandaza makaratasi makubwa sakafuni na kuchora maumbo yaleyale tena na tena, akiandika namba pembeni. Binti yake mdogo alipomuona aliona mama anapaka rangi.

Mtoto yule hakukosea sana. Kwa mtu anayeshughulika na maumbo yaliyopinda, kuchora ndiyo kufikiri. Sasa tujiulize, ni mabinti wangapi wetu wamepigwa rula kwenye vidole kwa kosa hilohilo? Tumekaa na msichana mmoja huku Arusha, shule yake hatuitaji, aliyechaniwa daftari kwa sababu alijaza pembeni miraba na nyota. Nyota zile zilikuwa za pembe 8, zimegawanywa vizuri kutoka katikati, nyuzi 45 kila mkono. Alikuwa anaijibu mada ya pembe bila kuulizwa. Mwalimu akaona uchafu.

Mnadhani ni mambo ya kupiga soga?

La. Hapa panaumia watu.

Kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, ambao watoto wa bara na wa Zanzibar wanaufanya pamoja, miaka ya karibuni ni kama robo tu ya watahiniwa wanaofaulu hesabu. Robo! Somo jingine lingeanguka hivyo tungefanya maandamano. La hesabu tunalikubali kama mvua ya masika, kwa sababu tumeshajiaminisha kwamba hesabu ni za wachache waliozaliwa nazo.

Na asiyejiamini na hesabu analiwa maisha yake yote. Analiwa sokoni. Tuseme yeyo ametumia shanga na waya za shilingi 12,000 kwenye mkufu mmoja. Amekaa nao siku 6, saa 5 kila siku. Mtalii, au muuzaji wa katikati, anatoa 30,000, na yeyo anafurahi amepata. Toa mtaji, imebaki 18,000. Gawa kwa saa 30. Ni shilingi 600 kwa saa, kwa kazi ambayo injinia angeipigia mahesabu kwenye kompyuta. Hesabu aliyoitumia kutunga ni kubwa kuliko aliyoitumia kuuza, kwa sababu ya kwanza alirithishwa na mama yake na ya pili aliambiwa si yake.

Analiwa na kwenye mirathi pia. Dini yetu imempa mwanamke fungu lake kwa sehemu zilizotajwa: thumni, robo, sudusi, nusu. Mjane mwenye watoto ana thumni yake, 1/8 ya kilichobaki baada ya deni na wasia. Lakini thumni ya nini, ukiwa huwezi kuipima? Wangapi wamepewa "chumba kimoja na baiskeli" wakaambiwa hiyo ndiyo haki yako ya kisheria, wakasema alhamdulillah? Mwanamke anayeweza kukata kitambaa cha mita 4 vipande 8 bila kupoteza hata kidole hawezi kushindwa na 1/8 ya nyumba. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba ni kitu kilekile.

Na nyinyi wanunuzi, tena Waislamu wenzetu, tusikilizane. Iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin. Hatutoi fatwa, lakini tunauliza: mtu anayetaka mkeka uliopimwa sawasawa, pembe zake nne zimenyooka, maua yamekutana, halafu anamlipa msusi nusu kwa sababu "ni majani tu", yeye yuko upande gani wa mizani?

Tunachotaka

Kwa walimu: ingieni darasani na mkeka. Ingieni na kofia, na kanga, na mkufu wa shanga. Huku Ngaramtoni siku ya gulio mnaweza kupata vifaa vya kufundishia mada ya duara, sehemu, ulinganifu na mifuatano kwa bei ndogo kuliko kitabu. Alikeni mama mmoja aje atunge mbele ya watoto, nanyi andikeni namba ubaoni anapotunga. Halafu, na hili msiliache, wapelekeni watoto mpaka kwenye uthibitisho. Msiishie kusema "tazameni utamaduni wetu". Upande wa pili wa Arusha, Tengeru, kipo chuo kikuu cha sayansi cha Nelson Mandela. Tunataka msichana atoke kwenye shanga za Ngaramtoni afike Tengeru bila kuambiwa kwamba amebadilisha dunia.

Kwa wanaopanga michepuo: acheni kumuuliza mtoto wa miaka 14 achague kati ya sayansi na sanaa kama anayechagua mke wa kubaki naye. Mafundi waliochonga milango ya Mji Mkongwe walikuwa upande gani? Waligawa mbao kwa bikari na wakachonga maua kwa patasi, asubuhi moja, mkono mmoja.

Kwa akina mama: mnaposuka, hesabuni kwa sauti. Mwambieni mtoto kwa nini mmeanza na idadi hiyo. Msiseme "ndiyo inayokubali" mkanyamaza, mwambieni ni ipi isiyokubali, na afanye yeye aone inavyopinda. Na neno "mimi hesabu sikujaaliwa" msilitamke mbele ya binti. Analipokea kama urithi, nao hauna thumni, anauchukua wote.

Na kwa mabinti wetu mnaotusoma kwa kujificha wakati mnatakiwa kufanya kazi za nyumbani: kama mkono wako unapenda kuchora, usiukataze. Chora, halafu jiulize ua hili limejirudia mara ngapi, na kwa nini limekubali. Swali hilo ndilo walilokaa nalo kule Baghdad. Ni lako pia.

Msemo ule tuliouanza nao tunautaka utoke nyumbani kwetu. Atakayeurudia mbele yetu tutampa miyaa na kumwambia: haya, suka, tuone hesabu zako.

Allah awape kheri mikono yenu na ya watoto wenu. Amin.